Siku Sita za Vali ya Bondeni

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa tu. Mjini kote aliitwa Koki, na jina hilo lilimganda tangu akiwa na miaka kumi na tisa, alipoajiriwa na idara ya maji kuchimba mitaro. Siku ya harusi yake, mfungishaji ndoa mwenyewe aliteleza ulimi akamuuliza binti kama amekubali kuolewa na Koki. Watu walicheka hadi bibi harusi akasahau kulia.

Kutoka mtaroni alipanda polepole, kwa miaka thelathini na moja, mpaka akawa msimamizi wa vali. Kwa asiyeijua, kazi yenyewe ilionekana ya kitoto. Alitembea na ufunguo wa chuma uliomfika kifuani, wenye mpini wa kukamata kwa mikono miwili, akainua mifuniko ya barabarani, akautumbukiza ufunguo shimoni na kuzungusha. Lakini mji wao ulijengwa kwenye mteremko, tangi moja juu na watu wengi chini, na maji hayakuwahi kuwatosha wote kwa wakati mmoja. Waliyapata kwa zamu: mitaa ya juu siku zao, mtaa wa bondeni siku zake. Siku zisizo zake bondeni ilipunguziwa maji, lakini vali yake haikufungwa kabisa. Zamu hizo zilikuwa mikononi mwa Koki. Alizijua vali zote mia moja na kumi, ipi inakaza, ipi inavuja ukiigusa, ipi inataka kubembelezwa kama mtoto anayekataa dawa. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini kusifiwa alikupenda.

Aliyemlea ni shangazi yake. Mama alifariki Koki akiwa wa miaka minne, baba akaenda kutafuta kazi akapotelea huko huko, na shangazi, aliyekuwa dobi wa hospitali, akamchukua kama wa kumzaa. Alifua mashuka ya wagonjwa miaka ishirini na saba, na mikono yake ikawa na weupe wa sabuni hata siku za mapumziko. Alipostaafu alikataa katakata kuhama chumba chake cha ghorofa ya pili, kwenye jengo la zamani la manispaa pale bondeni.

“Nikihamia kwako, mkeo atanipikia vizuri, nitanenepa nife,” alimwambia. Basi Koki akawa anakwenda kumsalimia kila Jumamosi.

Siku moja ikatoka habari kwamba serikali itajenga Maabara Kuu ya Taifa ya kupima dawa, na safari hii haitaijenga katika mji mkuu. Miji inayoitaka ijieleze. Miji tisa ikajieleza, ikachujwa, ikabaki mitatu, na wao walikuwa mmojawapo.

Mji ulipagawa. Ukuta wa soko ulipakwa rangi, ule upande unaoonekana. Ofisi ya meya ilichapisha kijitabu chenye picha za kung'aa, “Sababu Kumi na Mbili za Kuja Kwetu”. Ya kwanza ilikuwa hali ya hewa, ya pili reli, ya tatu vijana waliosoma. Ya nne, kwa herufi nene, ilisema: “Maji safi, saa ishirini na nne.” Kijitabu kilipofika karakana ya idara ya maji, mafundi walikisoma kwa sauti, na hapo kwenye sababu ya nne mmoja wao akauliza, “Huu mji uko wapi jamani? Nataka kuhamia.” Koki alicheka kuliko wote.

Nyumbani hakucheka. Binti yake wa pekee alikuwa amehitimu mambo ya maabara mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikuwa akiuza vifuniko vya simu kwenye kibanda cha rafiki yake. Alikisoma kile kijitabu mpaka karatasi zikalegea.

“Baba, wataajiri watu mia mbili,” alisema. “Hata wakichukua mia na tisini na tisa kwa kujuana, huyo mmoja anaweza kuwa mimi.”

“Inshallah, mama,” Koki akamjibu, kwa maana ndivyo alivyomwita binti yake tangu alipozaliwa.

Wiki moja kabla ya wakaguzi kufika, mkuu wa idara alimwita Koki ofisini, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa kijana kuliko Koki, na kila alipotaka jambo gumu alimwita mzee.

“Kaa, mzee wangu. Kile kiwanja cha kilimani wanachokuja kukikagua, bomba lake linatoaje maji?”

“Tone tone, mkuu. Bondeni ikiwa imefunguliwa, halitoi kabisa.”

“Na bondeni ikifungwa?”

Koki alishajua anakopelekwa. “Ikifungwa litatoa.”

“Kwa nguvu?”

“Kwa nguvu.”

“Basi ifunge. Jumamosi mpaka Alhamisi. Siku sita si mwaka.”

“Mkuu, bondeni kuna watu elfu nane. Zamu zao ni Jumapili na Jumatano, zote mbili zinaingia humo. Na wale hawana matangi, wana ndoo. Angalau tuwatangazie wajiandae.”

“Ukitangaza bondeni asubuhi, mchana wakaguzi wameshasikia. Hakuna kutangaza. Ni mimi, wewe na meya, basi.” Mkuu akasogeza kiti, sauti ikalainika. “Yule binti yako si alisomea maabara? Sikuahidi kitu. Ila majina yanapopangwa, mtu humkumbuka aliyemsaidia.”

Koki aliinuka bila kusema ndiyo. Lakini hakusema hapana pia, na mkuu alimsindikiza mpaka mlangoni akimpigapiga begani.

Ijumaa alipofika nyumbani alimwambia mkewe ajaze mapipa. Nyumba yao ilikuwa katikati ya mteremko, kwenye bomba lile lile la bondeni.

“Kuna nini?” mkewe akauliza.

“Matengenezo.”

Mkewe hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Alijaza mapipa matatu, masufuria yote, mabeseni, na hata birika la wageni.

Jumamosi asubuhi Koki aliifunga vali ya bondeni, mizunguko thelathini na miwili. Kisha, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, akateremka kumsalimia shangazi. Alimkuta anapanga nguo chafu kwenye beseni, mashuka huku, mapazia kule. Ndoo yake moja ilikuwa na maji yasiyofika nusu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Kesho zamu yetu, nataka nifue mpaka mapazia. Chumba kinanuka uzee.”

Maneno yalimfika Koki kwenye ncha ya ulimi. Ilikuwa kusema tu: jaza ndoo kwa jirani leo, kesho maji hayatoki. Lakini alimjua shangazi yake. Kabla yeye hajashuka ngazi, jengo zima lingekuwa limeshajua, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima. Akayameza. Akajiambia kwamba ana afya, ana majirani, na siku sita si mwaka. Alishangaa kusikia maneno ya mkuu yakisemwa na moyo wake mwenyewe.

Wakaguzi walifika Jumanne, watu saba kwenye magari mawili. Meya alikuwa amevaa suti nzito akatota jasho. Pale kiwanjani koki ilifunguliwa, maji yakaruka kwa kishindo hadi yakamlowesha afisa uhusiano viatu, na watu wa ofisi ya meya wakapiga makofi kana kwamba hawajawahi kuona maji. Kati ya wakaguzi alikuwepo mama mmoja mhandisi, mwenye miwani na viatu vya kazi. Yeye hakupiga makofi. Alimtazama Koki, aliyesimama nyuma na ufunguo wake, akamfuata.

“Wewe ndiye unayeshughulika na vali?”

“Ndiyo, mama.”

“Maji haya hutoka hivi kila siku?”

Mkuu wa idara alikuwa hatua tatu kutoka hapo, akitazama mawingu.

“Kila siku, mama,” Koki akasema.

Mhandisi aliandika. Kisha akampa kadi yenye namba yake. “Ukikumbuka jambo lolote kuhusu mabomba, nipigie.” Koki aliitia kadi mfukoni kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Jumatano mchana simu yake iliita. Alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini, jirani wa shangazi.

“Koki, njoo hospitali. Bibi ameanguka ngazini. Maji yamekata tangu wiki iliyopita, si unajua? Alikwenda kuteka kisimani, kule nyuma ya gereji. Alikuwa amefika ghorofani kabisa na ndoo yake, imebaki ngazi moja. Nyonga imevunjika, nadhani. Nimembeba mwenyewe.”

“Asante, ndugu yangu,” Koki alisema. “Mungu akulipe.”

Shangazi alilazwa kwenye wodi ile ile ambayo mashuka yake aliyafua miaka yote. Uso ulikuwa umesinyaa kwa maumivu, lakini mdomo ulikuwa mzima. “Tazama shuka hili,” alimwambia Koki. “Wanalichovya tu siku hizi, hawafui.” Kisha akamshika mkono. “Hivi huko kazini kwenu kumetokea nini? Watu wa jengo letu walikuwa wananung'unika, wanasema tumekatiwa maji makusudi. Nikawaambia nyamazeni. Nina mtoto wangu pale. Kungekuwa na jambo angeniambia.”

Koki alisema anakwenda kumtafuta daktari, akatoka, na hakumtafuta daktari. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mfuniko wa vali ya bondeni, akauinua, akatia ufunguo. Alikuwa ameshazungusha mara mbili mkuu alipopiga simu kumkumbusha kwamba wakaguzi wanarudi kiwanjani kesho yake asubuhi kupiga picha za mwisho.

“Uko wapi, mzee wangu?”

“Niko hospitali,” Koki akasema. Akairudisha ile mizunguko miwili na kuchomoa ufunguo. Kati ya yote aliyoyafanya wiki ile, hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko mengine. Mengine aliamriwa.

Shangazi alipasuliwa, akatiwa chuma, na baada ya wiki mbili akahamia nyumbani kwa Koki bila kubisha, na huko kutobisha kwake kuliwatisha wote. Siku hizo hizo zikavuma habari kwamba mji wao ndio unaoongoza. Idara ya maji ikafanya sherehe ndogo, soda na biskuti, na Koki akapewa cheti cha mfanyakazi wa kupigiwa mfano. Mkewe alikitundika sebuleni. Tangu siku hiyo Koki akawa anakaa kwenye kile kiti kilichokipa cheti mgongo.

Alivumilia siku nne. Ya tano, mkewe akiwa sokoni na binti kibandani, aliingia chumbani kwa shangazi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote: ofisi iliyofungwa mlango, mizunguko thelathini na miwili, ndoo isiyofika nusu aliyoiona kwa macho yake. Alizungumza akitazama sakafu.

Shangazi hakulia wala hakupandisha sauti.

“Humu ndani mlikuwa na maji siku zile?”

“Tulijaza.”

“Mlijaza mapipa mangapi?”

“Matatu.”

Bibi yule aligeuza uso ukutani. “Mkeo akirudi mwambie aje anisaidie kuoga,” alisema. “Wewe nenda.”

Siku tatu nzima Koki alipomwamkia alijibiwa marahaba tu, bila mwanangu mbele wala nyuma. Ya nne akamwita mwenyewe.

“Sikiliza. Unataka nikusamehe, nakuona unavyozungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lakini mimi nalala kitandani kwako, nakula chakula cha mkeo, mguu wenyewe haunipeleki popote. Nikisema nimekusamehe, utajuaje kama ni kweli? Kule kuna watu elfu nane. Wapo wanaodhani bomba lilipasuka, wapo wanaodhani ni Mungu. Anza na hao.”

Koki alipiga moyo konde. Siku hiyo hiyo, nyuma ya karakana, alitoa ile kadi akapiga.

“Mimi ni yule mtu wa vali,” alisema mhandisi alipopokea. “Uliniuliza kama maji hutoka vile kila siku. Nilikudanganya.”

“Endelea.”

Akaendelea. Alipomaliza, mhandisi akamuuliza, “Unajua kwamba mji wenu unaweza kuikosa maabara kwa maneno haya?”

“Najua.”

“Una kitabu cha kuandikia unapofunga na kufungua?”

“Ninacho. Nimeandika kila siku. Sikuweza kutoandika.”

“Basi niletee maelezo kwa maandishi, na saini yako.”

Alimwandikia. Wiki iliyofuata mhandisi alirudi peke yake, bila meya wala makofi, akakaa siku tano kwenye nyumba ya wageni. Kila siku alipanda kilimani akafungua ile koki. Siku tatu ilitoa matone. Siku mbili ilitoa upepo.

Maabara ikapelekwa mji mwingine. Redio ilitangaza saa saba mchana, na haikuficha sababu. Kabla ya saa tisa, mji wote ulishajua nani amemwaga mtama. Wenye viwanja kilimani walimlaani, vijana wenye vyeti walimlaani, na kwenye karakana mafundi waliacha kumwita Koki wakawa wanamwita Sababu ya Nne, wengine kwa utani na wengine bila utani. Mkuu wa idara alimnyang'anya ufunguo, akampeleka chumba cha kutengeneza mita, pasipo hata dirisha. Cheti mkewe alikishusha mwenyewe.

Bondeni alikwenda kwa miguu. Alisimama uani kwenye jengo la shangazi, akawaeleza waliokusanyika. Wengine walimshukuru kwa kusema. Mama mmoja alimuuliza kama anajua mtoto mchanga hutumia maji kiasi gani kwa siku, kisha akaingia ndani bila kungoja jibu. Fundi cherehani alimsogelea.

“Nilikupigia simu nikiwa nimemshika Bibi mikononi,” alisema. “Ukaniambia Mungu akulipe. Na ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

Watu wa bondeni waliandamana hadi ofisi ya meya na kupata jambo moja: ratiba ya maji ibandikwe ukutani, ikiwa na saini, na vali isifungwe bila tangazo la siku tatu. Mpaka leo imebandikwa. Maji hayajaongezeka hata tone.

Lakini jioni ile ya tangazo la redio, binti alikuwa amemsubiri baba yake mlangoni.

“Ni wewe uliyewaambia?”

“Ni mimi, mama.”

“Kwa sababu ya Bibi?”

“Kwa sababu ya Bibi. Na ya wengine.”

Binti aliguguna kucha, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni. “Ungeniambia kabla, Baba. Ningekuambia sema. Nadhani ningekuambia hivyo. Lakini hukuniuliza, kwa hiyo sitajua kamwe mimi ni mtu wa namna gani. Umefanya na mimi kama ulivyofanya na Bibi. Umenyamaza.”

Kwa kweli Koki alikuwa amemwogopa. Aliogopa kwamba akimtazama machoni hataweza kupiga ile simu, na kwa woga huo huo alimwacha asikie redioni kama mpita njia. Alikuwa amedhani kwamba akishasema ukweli atakuwa mwepesi. Hakuwa mwepesi. Mzigo ulikuwa ule ule, ameuhamisha bega tu.

Miezi minane baadaye maabara ile ilitangaza kazi, huko ilikokwenda, na binti akaomba, akapata. Ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Asubuhi ya safari Koki alimbebea begi mpaka kituoni. Shangazi alikuwa ameshaanza kutembea kwa fremu ya chuma, na alisisitiza kuwafikisha mpaka getini, akihema na kutukana kila jiwe.

Kituoni basi lilikuwa limeshawasha injini. Koki alikuwa amejitayarishia maneno tangu alipoamka.

“Mama, nisamehe.”

“Najua unataka nikusamehe, Baba,” binti akasema. Alichukua begi. “Nitapiga simu nikifika. Ila usipokee wewe, mpe Bibi.”

Alisema akitabasamu nusu, na Koki hakuweza kupambanua kama ni utani.

Simu iliita saa kumi na mbili jioni. Aliona jina kwenye kioo, akaiacha iite mara mbili, akaenda nayo chumbani na kumkabidhi shangazi. Kisha akabaki amesimama kizingitini, mikono mitupu, akimwangalia bibi kizee akicheka kwa jambo ambalo hakuambiwa.